Anataka elfu 35 atuandikie ombi la ufadhili. Nitie sahihi?

Shangazi,

Pole na kazi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama hapa Kayole. Tulianza na mzunguko wa kununuliana vyombo, siku hizi tunaweka akiba na kukopeshana kila Jumapili jioni. Tuko ishirini na wawili. Wengi wetu tunauza mboga na mitumba, wawili wanashona, wengine wanafua nguo za watu Komarock na Donholm. Cheti cha ofisi ya Maendeleo ya Jamii tunacho, akaunti ya benki tunayo, na watia sahihi ni mwenyekiti, karani na mimi.

Majuzi mwenyekiti alituletea kijana mmoja, amevaa vizuri, kipakatalishi kwapani. Akasema yeye kazi yake ni kuviandikia vikundi maombi ya ufadhili. Eti wafadhili wana pesa nyingi za kuwawezesha wanawake ambazo zimelala tu kwa sababu vikundi havijui kuandika. Anataka shilingi 35,000 mkononi kwanza, halafu pesa zikiingia achukue asilimia 10. Ombi lenyewe litakuwa la milioni nne.

Tulipomweleza tunachofanya alitikisa kichwa. Akasema kukopeshana hakumvutii mfadhili yeyote, tuandike kwamba tunapambana na dhuluma za kijinsia, kwani hiyo ndiyo wazungu wanalipia. Anataka pia majina na nambari za vitambulisho vya wanawake mia mbili. Tukamwambia hatufiki hata thelathini. Akasema, "Wekeni hata majirani."

Kinachonisumbua, Shangazi, ni kwamba si uongo mtupu. Kuna mwenzetu mmoja, mama mboga, ambaye watu humgongea mlango usiku. Mke akipigwa, anakimbilia kwake. Yeye na wenzake wawili ndio huwapeleka hospitali ya Mama Lucy, kisha polisi, kisha kwa chifu. Tumewahi pia kuwarudisha wasichana shuleni baada ya kujifungua, tukachangishana sare. Lakini hayo hatuyaandiki popote. Tunafanya kwa sababu ni majirani zetu.

Mwenyekiti anasema nikikataa kutia sahihi nitakuwa nimewafungia wenzangu riziki. Ni mama ninayemheshimu. Ndiye aliyenitafutia chumba nilipoingia Nairobi na mtoto mgongoni. Wenzangu wengine washaanza kuzigawa hizo milioni nne midomoni: huyu anataka cherehani, yule anamalizia karo, mwingine anaongeza kibanda. Mume wangu anasema nijitoe kabisa kwenye kikundi. Jumapili tunapiga kura.

Nitie sahihi? Na kama si huyu kijana, nani atatupa pesa? Tafadhali usiniambie tumwandikie mheshimiwa. Tuliandika.

Mweka hazina, Kayole

*

Mweka hazina, usitie sahihi. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa Jumapili iko mlangoni na barua yangu ni ndefu.

Tuanze na zile asilimia 10. Mfadhili akikupa pesa hukupa pamoja na bajeti mliyokubaliana, kila shilingi na mstari wake: nauli hapa, kodi ya ukumbi pale, karatasi na wino kule. Mwisho wa kipindi anataka risiti za kila mstari. Hakuna mfadhili ninayemjua anayekubali mstari wa kumlipa dalali aliyeandika ombi, na gharama za kabla ya mkataba kwa kawaida hazirudishwi. Sasa laki nne za kijana zitatoka wapi? Zitatoka kwenye mstari wa nauli au wa mafunzo, na wewe mweka hazina ndiwe utakayeombwa kupika risiti za mafunzo ambayo hayakufanyika. Mkaguzi akija atakuta sahihi yako, ya mwenyekiti na ya karani. Ya kijana hataiona popote. Hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Zile nambari za vitambulisho mia mbili ni hatari nyingine. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na kuchukua kitambulisho cha jirani ambaye hajui kinakwenda wapi ni kosa, hata kama nia ni njema. Tena wafadhili hutembelea. Siku moja mwanamke mwenye daftari atashuka kwenye gari hapo karibu na stendi yenu na kusema anaomba kuonana na wanachama kumi, awachague mwenyewe kwenye orodha. Mtamwonyesha nani?

Na hadithi ya pesa zilizolala, mwambie ailaze pia. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mashirika makubwa ya Nairobi, yenye wahasibu na magari, yalipunguza wafanyakazi na kuanza kubisha kwenye mifuko ileile midogo ambayo zamani yaliwaachia vikundi kama chenu. Pesa zipo, ila foleni imekuwa ndefu, na wanaoisimamia wanasoma kwa makini kuliko zamani.

Lakini kuna jambo moja kijana amelisema ambalo ni kweli, na ndilo linalomfanya asikike kama mtu anayejua. Kukopeshana kwenu hakutapata ruzuku ya usawa wa jinsia. Kikundi chenu kina kazi mbili zilizoandikwa kwenye daftari moja, au tuseme moja imeandikwa na nyingine haijaandikwa. Kazi ya kwanza ni akiba na mikopo, na faida yake inarudi kwa wanachama. Kazi ya pili ni ile ya mama mboga usiku, na faida yake inakwenda kwa mwanamke ambaye si mwanachama na hajawahi kuchangia hata shilingi hamsini. Mifuko ya usawa wa jinsia hutoa pesa kwa ajili ya kazi ya pili. Mama Cash ya Amsterdam, kwa mfano, ambayo imekuwa ikiwafadhili wanawake tangu 1983, inatafuta vikundi vinavyopigania haki, si vile ambavyo kazi yake kuu ni biashara na mikopo midogo. Ukiwapelekea habari za cherehani watakujibu kwa adabu kwamba asante, hapana.

Kwa hiyo mtenganishe.

Kazi ya kwanza nitaipitia haraka, kwa sababu njia zake zinajulikana na hazihitaji dalali. Hazina ya Wanawake ya serikali, ile iliyoanzishwa 2007, inakopesha vikundi vya akina mama. Hazina ya Uwezo ilizinduliwa 2013, na pesa zake za kwanza ndizo zile bilioni sita zilizokuwa zimetengwa kwa duru ya pili ya uchaguzi wa urais ambayo haikufanyika. Yenyewe inapitia kwenye eneo bunge, kwenu ni Embakasi ya Kati. Zote mbili ni mikopo ya kurudishwa. Mtu akikwambia ni za bure, anakudanganya, na vikundi vingi vimevunjika kwa kuamini hivyo. Mwenzenu wa cherehani aanzie huko. Wale wawili wanaoshona nao waulize habari za zabuni za serikali: asilimia 30 imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kuna siku shona yao italipa kuliko ruzuku yoyote.

Umenikataza kukutuma kwa mheshimiwa, nami nakuelewa. Ila mfuko wa NGAAF, ulioanza 2015 na unaopitia kwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, hutoa ruzuku kwa vikundi, mara nyingi kwa vifaa badala ya pesa taslimu. Barua ya kumwomba mheshimiwa msaada ni kitu kimoja na fomu ya mfuko ni kitu kingine. Barua inaweza kulala kwenye droo ya msaidizi wake mpaka uchaguzi ujao. Fomu ipelekeni na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yenu, mrudi nayo nyumbani. Kama anayepokea hataki kugonga muhuri, mwulize jina lake na uliandike hapohapo mbele yake. Mihuri hupatikana haraka sana baada ya hapo.

Sasa kazi ya pili, ambayo mnaiona si kitu.

Nunueni daftari jipya. Lisichanganywe na la akiba, na likae kwa mtu mmoja, kabatini, na kufuli. Kila anapogongewa mlango mama mboga, andikeni mstari mmoja. Nitakupa mfano: "Na. 7. Mama wa watoto watatu. Saa tano usiku. Boda hadi Mama Lucy, 150. Alishonwa kichwani. Kesho yake dawati la jinsia la polisi, P3 (fomu ya majeraha) ilitolewa. Daktari hakuwepo, tukarudi siku ya tatu, nauli 200. Hakutaka kuendelea na kesi. Yuko kwa dada yake." Majina msiandike kabisa. Nambari inatosha, na orodha ya nambari na majina ikae mahali pengine. Daftari hilo likiangukia mikononi mwa mume mmoja tu, mtakuwa mmemuuza mwanamke aliyewaamini. Picha vilevile. Kijana wenu angeomba picha za wasichana waliojifungua, nina hakika. Msitoe.

Fomu ya P3, kwa taarifa yenu, ni ya bure. Mtu akiwatoza, hilo nalo ni la kuandikwa kwenye mstari.

Endeleeni hivyo kwa miezi kadhaa, kisha mkae mlisome lote kwa mkupuo. Mtaona kitu ambacho hakuna mwandishi wa kukodi anayeweza kuwabunia. Pengine wanawake wengi wanakwama ile siku ya tatu, daktari akikosekana na nauli ikiwa imeisha. Pengine wanakwama kwa sababu hakuna pa kulala usiku ule mmoja, wanarudi nyumbani asubuhi na kesi inakufa. Au mtagundua kwamba mwalimu mkuu mmoja hurudisha wasichana waliojifungua bila neno, na mwingine huwazungusha mpaka muhula unaisha, ilhali Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kurejea shuleni 2020 na unamlazimu kuwapokea. Mnapokwama ndipo mradi wenu ulipo. Ombi linaanza na sentensi hiyo: katika wanawake kadhaa tuliowasindikiza, kadhaa waliishia hapa, kwa sababu hii, na tunataka pesa za kuondoa sababu hii. Mtu anayesoma maombi mia mbili ya "kumwezesha mtoto wa kike" kwa wiki atasimama hapo na kumwita mwenzake.

Milioni nne zisahau. Wafadhili wengi huangalia mwaka uliopita mlishika kiasi gani, na kikundi ambacho hakijawahi kusimamia laki tano hakipewi milioni nne. Kikipewa, huwa nawaonea huruma wanachama wake. Ombeni kinacholingana na daftari: nauli za mwaka, simu na salio, kodi ya chumba kimoja cha dharura, mafunzo ya watu watatu au wanne kuwa wasaidizi wa sheria, ambao sheria yetu ya msaada wa kisheria ya 2016 inawatambua. Na posho ya mama mboga, tafadhali. Nimesoma bajeti za miradi ya wanawake ambazo zina hoteli ya Naivasha kwa siku tatu na mshauri wa kulipwa kwa siku, halafu yule anayeamka usiku wa manane amewekewa soda na mkate. Akikosa usingizi hafiki sokoni alfajiri, na siku hiyo hauzi. Hasara hiyo ina bei, iwekwe kwenye mstari.

Nani wa kumwendea? Hapahapa Nairobi yuko Urgent Action Fund-Africa, tangu 2001. Wao kazi yao ni msaada wa haraka kwa wanawake wanaotetea haki: mume wa mtu akianza kumtishia mama mboga kwa sababu ya kumhifadhi mkewe, hao ndio wa kuandikiwa. Accra kuna Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, AWDF, ulioanzishwa 2000 na wanawake wa bara hili wenyewe, na umezoea kushughulika na mashirika ya wanawake madogo kwa makubwa. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ukatili dhidi ya wanawake, wa tangu 1996, ni mkubwa na una jina, lakini unadai hesabu zilizokaguliwa na uzoefu wa miaka, kwa hiyo kwa sasa upiteni mkiupungia mkono. Kila mmoja hutangaza kwenye tovuti yake lini unapokea maombi na unataka nini. Someni ukurasa wa "hatufadhili" kabla ya ule wa "tunafadhili". Na hakuna kati yao anayetoza pesa za fomu. Ukiombwa ada ya usajili ili ruzuku iachiliwe, funga simu.

Kama mfadhili atasema anataka shirika lenye usajili mkubwa zaidi, msikimbilie kuusaka. Tangu Mei 2024 Kenya inatumia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, na madalali wanaitumia kuviogopesha vikundi kwamba cheti chenu hakifai tena. Kinafaa. Vikundi vya jamii vina sheria yao, ya 2022, na mko chini ya hiyo. Angalieni tu kama muda wa cheti haujaisha, maana wengi hugundua siku ya kutuma ombi. Kwa pesa ambazo cheti hicho hakitoshi, tafuteni shirika mwenyeji: linapokea kwa niaba yenu, linakata asilimia fulani ya usimamizi iliyo wazi kwenye bajeti, na mnaandikiana mkataba. Anzeni na wale ambao tayari mnawapelekea watu. FIDA-Kenya, wanasheria wanawake walioanza 1985, hawagawi ruzuku kwa vikundi, lakini hutoa msaada wa kisheria bure, na barua yao ikisema kwamba ninyi huwapelekea kesi ina uzito kuliko majina mia mbili ya majirani.

Kabla ya yote hayo kuna jambo la kusemwa Jumapili, na afadhali lisemwe na wewe: ruzuku haigawanwi. Si mkopo wa kikundi, si mzunguko. Ikiingia milioni, mwenye cherehani hataona hata uzi. Wakilisikia hilo mapema, wengine watapoteza hamu, na ni bora wapoteze sasa kuliko siku pesa ziko benki na kila mtu ana hesabu yake. Huenda mkabaki saba wanaotaka kazi ya pili. Saba wanatosha kuifanya. Wengine wabaki kwenye akiba, ambayo kwa ulivyoieleza inakwenda vizuri na haikosi heshima.

Mwenyekiti usimngoje kwenye mkutano. Mwendee nyumbani kabla, na kilo ya sukari, umwamkie kama unavyomwamkia siku zote. Usimwambie ameletewa tapeli. Mwambie una hofu na sahihi yako na unaomba mumwekee kijana masharti matatu: alipwe kiasi maalumu kazi ikishaisha, hakuna asilimia, na atoe nambari za simu za waweka hazina watatu wa vikundi alivyoviandikia vikapata. Waweka hazina, si wenyeviti. Akikubali yote, mimi nimemkosea na mwendelee naye kwa furaha. Sidhani atarudi. Lakini mama yako atakuwa amemwacha mwenyewe, bila wewe kumwaibisha mbele ya wenzake, na nahisi mtu aliyekutafutia chumba ukiwa na mtoto mgongoni anastahili njia hiyo.

Mume wako mwambie hujitoi. Mweka hazina akijitoa wiki ya kura, pesa zinabaki na nani?

Na leo, si Jumapili, toa ile nakala ya fomu mliyojaza benki mkifungua akaunti. Soma palipoandikwa masharti ya kutoa pesa. Vikundi vingi huweka sahihi mbili kati ya tatu, ili mmoja akisafiri mambo yasikwame. Ikiwa ndivyo mlivyoweka, elfu 35 zinaweza kutoka bila wewe, na mtu wa kuongea naye kwanza ni karani.